Kutoka Konde hadi Makunduchi na paka watatu

Kila niliyemwambia nahamia Makunduchi alinijibu neno moja kuhusu paka wangu: waache. "Paka ni wa nyumba, si wa mtu," aliniambia jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, na akaahidi kuwatupia vichwa vya samaki kila siku. Nilimshukuru, lakini moyo ulikataa. Kibibi ana miaka 11 na amewazaa Pono na Tasi chini ya kitanda changu. Mume wangu alishatangulia kikazi, na mimi nilishaamua sivuki bila wao.

Tulikuwa Konde, kaskazini ya Pemba. Makunduchi ni kusini kabisa ya Unguja. Kwa hiyo ni gari mpaka bandari ya Mkoani, meli mpaka bandari ya Malindi mjini Unguja, kisha gari tena.

Safari ya kwanza iliharibika, na iliharibika kwa kufuata ushauri. Nilikwenda Julai. Niliambiwa nitafute boksi la kartoni nilitoboe matundu, na niwalishe mpaka washibe ili walale njiani. Nikawapa dagaa na wali mpaka wakaacha wenyewe. Kabla hatujafika Chake, Tasi alishatapika. Tulipofika Mtambile, Pono naye. Kibibi hakutapika. Alikojoa, na mkojo ukapenya kwenye kartoni bila mimi kujua, kwa sababu juu yake nilitandika kanga. Pale gatini Mkoani mchukuzi akaliinua boksi kama anavyoinua mizigo yote. Juu likaja, chini likabaki. Nilimwona Kibibi ananing'inia, kucha za mbele zimeng'ang'ania ile kanga, halafu akaanguka pamoja nayo, akapita baina ya miguu ya watu na kuingia chini ya lori la ndizi.

Watu wakaanza kumsaka, kwa nia njema kabisa. Huyu ana fimbo, yule anapiga makofi, watoto wanamwita kwa kelele. Kila walipomkaribia alizidi kupanda juu, akajibana kwenye vyuma karibu na ekseli. Nikawaomba wote waondoke. Meli ikang'oa nanga na tiketi yangu nimeishika mkononi. Dereva wa lori, Mungu amjaalie kheri, alikubali asiwashe injini mpaka nimpate. Nikaitandika kanga yake kando ya gurudumu la nyuma, nikakaa hatua kama kumi, kimya. Wala sikumwita, maana paka aliyeogopa akiitwa anaona anawindwa. Alasiri ikapita. Baada ya adhana ya Magharibi, gati limetulia, yakatoka masharubu, kisha pua. Akainusa kanga, akazunguka mara mbili, akaikalia. Nilimkunja ndani yake kama mtoto mchanga, tukarudi Konde usiku ule ule.

Ile kanga ndiyo iliyonifungua macho. Kibibi alitoka kwa sababu harufu ya nyumbani ilikuwa pale chini. Basi kama paka ni wa nyumba, dawa ni kumhamisha na nyumba yake.

Ami yangu ni mvuvi. Alinigombeza kwanza kwa kuvuka na wanyama wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini. "Ngoja maleleji, mwanangu," alisema, yaani pale kusi inapokufa na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika. Nikangoja mpaka mwishoni mwa Oktoba, na muda huo nikautumia.

Nilinunua kreti sita za plastiki, zile za kubebea mikate, kwa muuzaji anayezibadilisha. Zote hazikufika elfu thelathini. Kreti mbili ukizikutanisha midomo na kuzifunga kamba ya nailoni pembeni zinakuwa kijumba kizuri: hewa inapita pande zote, mkojo hauli kitu, na hakuna paka anayeweza kuitafuna. Chini niliweka plastiki, juu yake magazeti, juu yake kanga kuukuu ambayo sikuifua kusudi. Nikaziacha wazi chumbani wiki nne nzima na chakula cha jioni kikawa kinaliwa humo tu. Wiki ya kwanza walikuwa wanaingiza kichwa na kuacha miguu ya nyuma nje. Wiki ya pili Pono, ambaye hulala kama jina lake, akawa halali kwengine. Ndipo nikaanza kuzifunga, kuzipakia kwenye gari ya kaka yangu na kuwasha injini bila kwenda popote. Kaka alilalamikia mafuta. Nilimpa kitu kidogo.

Kuna jambo moja naliandika kwa hasira. Watu watatu tofauti, mmoja wao muuza dawa, waliniambia niwape paka nusu ya panadol wasinzie. Daktari wa mifugo Wete alinijibu bila kuzunguka: panadol inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, sumu inaingia kwenye damu, damu inashindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja kinatosha. Ningewaua paka wangu wote watatu kwa mkono wangu. Daktari huyo huyo aliwachanja kichaa cha mbwa na kuniandikia vyeti. Kachanje mapema, kwa sababu kinga inahitaji kama wiki tatu kujijenga.

Safari ya pili niliwalisha usiku, na asubuhi wakapata maji tu. Hakutapika hata mmoja mpaka Mkoani.

Kwenye meli walitaka kuwashusha chini kwenye mbuzi na magunia. Nilikataa, kwa adabu lakini nilikataa. Kule chini hewa haipiti, na paka hatoki jasho mwilini kama sisi, hutoka kwenye nyayo tu. Niliviona mwenyewe: Tasi alipopata joto, kila alipokanyaga plastiki aliacha alama ya unyayo wa majimaji, vidole vinne na kiganja. Akifungua mdomo na kuhema kama mbwa, hapo ujue umechelewa. Nikaloweka taulo, nikaikamua, nikaifunika nusu ya kila kreti ili upepo ukipita uwe baridi. Mzee mmoja mwenye kofia akanisogezea nafasi kivulini. "Waweke hapa, binti," akasema, akanikumbusha hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Aliishika kreti ya Kibibi kwa mguu njia nzima. Tulipoingia mkondo wa Nungwi meli ikayumba kidogo, Pono akalia mara moja, akarudi kulala. Nauli yangu ilikuwa ya kawaida. Paka wakahesabiwa mzigo, nadhani nilitoa elfu kumi au kumi na mbili kwa wote.

Mume wangu alitupokea Malindi. Nilimwomba apunguze mwendo Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, maana tuta moja likirukwa vibaya linaharibu kazi ya siku nzima. Kutoka Kitogani nikafungua dirisha kidogo tu.

Sasa kile ninachojivunia. Konde walikuwa wanajisaidia kwenye kona ya bustani, udongo mwekundu. Makunduchi ni mawe na mchanga mweupe. Nilibeba nusu polo, yaani nusu gunia, ya udongo ule ule wa kona yao. Wachukuzi waliuliza mbegu gani, nikawaambia udongo, wakanyamaza. Tena siku chache kabla nilimpangusa kila mmoja mashavuni kwa kitambaa, kwa sababu ni pale wanapotoa harufu wanayoipaka wakijisugua kwenye vitu, na mume wangu, niliyempelekea kitambaa mapema, akakisugua kwenye miimo ya mlango na miguu ya kitanda kabla hatujafika.

Tuliwafungulia chumba kimoja tu. Tasi akaenda moja kwa moja kwenye mwimo, akanusa, akasugua shavu lake pale pale. Pono aliingia kwenye beseni la udongo kabla sijavua baibui. Kibibi alikaa ndani ya kreti siku nzima bila kula na nikashikwa na wasiwasi, kwani paka akipitisha siku mbili tatu bila kula ini lake huanza kuharibika. Usiku wa pili nikamkaangia dagaa, nikaziweka mlangoni mwa kreti na kuzima taa. Nikamsikia anatafuna.

Niliwazuia ndani wiki tatu. Watu walisema nawatesa. Kila siku nilikuwa nachota konzi moja ya mchanga mweupe wa nje na kuuchanganya kwenye beseni, na kutoa konzi moja ya ule mwekundu, mpaka siku niliyowafungulia mlango beseni lilikuwa jeupe karibu lote. Kibibi ndiye aliyetoka wa kwanza. Alichimba chini ya mpapai.