504 yangu haitawekwa injini ya Toyota

Kila anayepita hapa kwetu Walukuba, Jinja, akaiona ile Peugeot 504 imekaa chini ya mabati bila boneti, maneno ni yale yale, toa hiyo injini tia ya Toyota, sipea zimejaa Kisekka, lile soko la sipea Kampala, wiki ijayo unaendesha. Makanika wanasema, watu wa boda wanasema, shemeji yangu alitoka Tororo kuja kutusalimia naye akasema kabla hata hajamaliza chai. Sasa nimeona nikae niandike vizuri kwa nini sitafanya hivyo, na pia gari ya zamani unaitengenezaje nyumbani wakati pesa inaingia kidogo kidogo, maana wengi wanaacha magari ya wazee wao yaoze uani wakidhani hii ni kazi ya matajiri wa Kololo peke yao.

Kwanza mjue ni gari gani. 504 ilitoka Ufaransa 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari la mwaka la Ulaya, mchoro wa bodi ni wa Pininfarina wa Italia na ukiangalia zile taa za mbele zilivyokatwa pembeni na buti linavyokunjika kwenda chini huko nyuma utajua mara moja hakuna gari nyingine yenye sura ile. Lakini huku kwetu watu hawakuipendea sura. Springi zake ni laini na zina nafasi kubwa ya kucheza, murram ya mashimo inaipita bila kukuvunja mgongo, na ndiyo maana ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, halafu 1978 ile 504 kupe ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda tena na Jean-Pierre Nicolas. Kabla yake 404 ilishashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Na wale wanaosema Safari ni mambo ya Wakenya tu, ile mbio ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Shekhar Mehta aliyeishinda mara tano alizaliwa Uganda hii hii, ingawa yeye alikuwa mtu wa Datsun.

Yangu ni saluni ya petroli, cc 1971, huo ni ujazo wa injini si mwaka. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani hapa Jinja, alipofariki ikakaa uani miaka mingi, watu wa skrapu wakaanza kuja na mizani yao, watoto wake wakaona bora waniuzie mimi kuliko gari ya baba yao igeuzwe nondo. Nawashukuru mpaka leo. Mkumbuke tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo hizi za zamani zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, ikienda kwenye tanuru imeenda.

Haya, injini. Wanaosema tia Toyota hawajaingia chini ya hii gari wakaangalia. Kwenye 504 ya saluni shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma haiko wazi, imefungiwa ndani ya bomba la chuma linalotoka giaboksi mpaka difu na vyote vimekazwa pamoja kwa bolti, bomba ndilo linaishika difu isijipinde ukikanyaga mafuta. Sasa ukitia injini ya Toyota na giaboksi yake lile bomba halina pa kushika, inabidi ulikate, utengeneze shafti nyingine, ubuni jinsi ya kuishika difu, uchomelee mauntingi mpya kwenye chesisi ambayo pengine ina kutu tayari. Fundi atakwambia ni kazi ndogo. Nimeona gari mbili za watu zilizofanyiwa hivyo, moja inatetemeka ukifika spidi ya barabara kuu, nyingine imeachwa katikati pesa ilipoisha, na hiyo ya pili hata ukipata injini yake ya asili huwezi kuirudisha tena, kila kitu kimeshakatwa.

Na ile injini yake yenyewe ni rafiki wa mtu asiye na pesa! Hapo ndipo watu hawaelewi. Injini nyingi silinda imechongwa kwenye bloku, ikilika lazima bloku yote iende kwenye mashine kuboriwa, yaani kutanuliwa tundu, utie pistoni ya saizi kubwa. Ya 504 laina, zile silinda zenyewe, ni za kuchomoa, zimesimama ndani ya bloku na maji yanazizunguka moja kwa moja, zikilika unazitoa kwa mkono na kipande cha mbao, unatia laina mpya na pistoni zake na ringi zake, bloku haijaondoka hata kwenye gari. Kazi hiyo unaifanya hapa hapa chini ya mwembe. Unachopeleka mjini ni hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, peke yake kama imejipinda, kwa sababu hedi ni ya alumini na bloku ni chuma, injini ikichemka hedi ndiyo inaumia kwanza, basi wanaiskimu, wanausawazisha uso wake kwa mashine, wanakurudishia.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue. Mzee mmoja fundi ambaye alitengeneza hizi gari tangu ujana wake alikuja akanikuta nataka kutoa hedi, akaniuliza, "Kijana wangu, za kushikia laina ziko wapi?" Nikamwambia mzee sijui unasema nini. Akatafuta bolti na washa kubwa nene, hedi ilipotoka tu akazikaza pembeni ya kila laina kuzishikilia chini. Sababu yake ni kwamba ukishatoa hedi laina hazina kinachozishika, ukizungusha injini kidogo pistoni inainua laina, ile sili ya chini inaachia, maji yanaingia kwenye oili, na hapo umegeuza kazi ya gaskiti kuwa kazi ya injini nzima. Na wakati wa kurudisha, laina lazima ichungulie juu ya bloku kidogo sana, zote sawa, ndiyo gaskiti ya hedi ibane. Ukipitisha rula ukaona moja iko chini usifunge, utafungua tena.

Wengine wananiuliza kuhusu petroli, eti injini ya zamani ilizoea petroli ya ledi, yaani yenye risasi, na hiyo iliondolewa Afrika yetu hii ya kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, valvu zitaungua. Kwa hedi ya chuma cha kawaida ni swali la maana. Hii ya alumini viti vya valvu ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa, kwa hiyo msiwe na hofu, tia petroli ya kawaida.

Hofu iwe kwenye joto. 504 ina feni yenye klachi ya umeme, inazunguka pale tu maji yakipata moto, na umeme unaifikia kupitia kaboni ndogo inayosugua. Kaboni ikiisha feni inakaa kimya na wewe huna habari mpaka hedi imepinda, na hapo ndipo injini nyingi zilihukumiwa kuwa mbovu wakati kilichokufa ni kipande cha kaboni cha bei ya soda. Halafu tieni kulanti jamani, ile dawa ya maji ya rejeta. Najua huku hakuna baridi ya kugandisha maji, lakini kulanti haipo kwa ajili ya barafu peke yake, inazuia alumini isiliwe, na maji ya bomba matupu miaka nenda rudi yanakula hedi kimya kimya mpaka njia za maji zinatoboka.

Sasa pesa. Mimi nina kiduka cha kutengeneza simu, mwezi mwingine kuna kitu mwezi mwingine hakuna, na ninavyofanya ni kwamba sifungui kitu ambacho sina pesa ya kukifunga. Kabla ya kutoa hedi niliweka kwanza seti nzima ya gaskiti kabatini. Gari nyingi zinazokufa mikononi mwa wenyewe zinakufa kwa sababu mtu alifungua kila kitu wikiendi moja kwa furaha, miezi sita baadaye hajui bolti ipi ni ya wapi. Piga picha na simu kabla ya kugusa, na kila bolti iingie kwenye kopo lililoandikwa.

Na pesa ya kwanza kabisa iende kwenye breki, kabla ya injini, kabla ya rangi. Watu hawapendi kusikia hivyo kwa sababu breki hazionekani. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa, gari ikikaa miaka yale maji yanakula masta silinda na kalipa kwa ndani, na hosi za raba zinavimba ndani huku nje zinaonekana nzima, unakanyaga breki inashika halafu haiachii. Kalipa nikazifungua, pistoni zilizokuwa na vidonda vya kutu nikatupa, zilizo safi nikabadilisha raba tu. Hosi zote mpya, hapo sikutafuta za bei rahisi.

Kutu ndiyo nimeifurahia kuliko vyote, maana dawa yake iko jikoni. Ile magadi tunayotia kwenye maharagwe yaive haraka, hiyo hiyo. Beseni kubwa la plastiki, maji, kijiko cha chakula cha magadi kwa kila lita nne hivi, unatumbukiza chuma chako chenye kutu na kukifunga kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri, waya wa chanya unaufunga kwenye kipande cha nondo kilichosimama upande mwingine bila kugusana, unawasha. Iwe chaja ya kizamani, hizi za kisasa zinajizima zenyewe. Povu linaanza kupanda, kutu inalegea inakuwa matope meusi, kesho yake unasugua na brashi na chuma kizima kinabaki hakijapungua, si kama kusaga na mashine ambapo unasaga na chuma chenyewe. Fanyeni nje na moto usikaribie, ule mvuke ni haidrojeni. Na nondo msibadilishe na chuma cha pua cha vijiko na sufuria, hicho kinatoa sumu mbaya sana kwenye maji. Mabawaba, mabano ya betri, treyi ya chini, brakiti zote nilizipitisha humo, na kila kimoja kikikauka nakipiga praima siku hiyo hiyo kwa sababu unyevu wa ziwa hapa Jinja haukusubiri.

Bodi ni habari nyingine, huwezi kuitumbukiza kwenye beseni. 504 inaoza kwenye zile boksi za bati zilizo chini ya milango, matundu ya kutolea maji yanazibwa na vumbi la murram na maji yanabaki humo ndani, pia sakafu, na pale juu shokapu za mbele zinaposhika. Hapo pa shokapu paangalie kabla hujalipa pesa ya kununua gari, ndipo uzito wote umekaa. Mafundi wengi watakuambia paka filla, ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi, usawazishe, na mimi nasema hapana kabisa, kutu inaendelea chini ya filla na mvua za pili zikija inavimba. Kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Mabati ya kuziba nilipata kwenye pipa kuukuu, unene wake unakaribiana na wa bodi, na kijana wa kuchomelea nilimwomba atumie gesi badala ya stiki, ile ya umeme, kwa sababu stiki inatoboa bati jembamba, tena achome nukta nukta, moja huku nyingine kule, bati lisipate joto likajikunja. Gari iwe imesimama sawa kwenye vigingi, milango imefungwa, ukate upande mmoja umalize ndipo uhamie wa pili, la sivyo gari inalegea katikati na milango haitafunga tena maisha.

Sipea zipo, ila zinataka miguu. Kisekka ukiuliza 504 vijana wanakuangalia tu, uliza wazee wa nyuma kabisa, wale wenye maboksi ya zamani. Visivyopatikana Kampala natafuta Nairobi, Kirinyaga Road, basi la usiku kupitia Busia, kwa sababu hizi gari ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi na Kenya bado ina stoki na kuna watu wanazijua. Pikapu ya 504 nayo inasaidia, Ufaransa iliendelea kutengenezwa hata baada ya saluni kusimama, ila usibebe kitu kwa jina tu, beba cha zamani mkononi mlinganishe, na kama una venia, kile kipimo cha unene, pima.

Rangi itakuja mwisho. Ni ile nyeupe yake ya maziwa, nimeikuta safi ndani ya buti chini ya zulia, fundi wa rangi ataichanganya kutoka hapo.

Kwa sasa injini inawaka na inazunguka vizuri hata bila kukanyaga mafuta, breki zinashika, upande wa kulia wa bodi umekwisha na wa kushoto uko nusu. Wayaringi nafanya mwenyewe na mita ya dukani, waya zake si nyingi, gari yote haina kompyuta hata moja. Viti vitashonwa na mama mmoja wa Main Street anayeshona vya mabasi. Kilichonikwamisha ni taa ya mbele ya kushoto, kioo kimepasuka na hizo pembe zake haziingiliani na taa ya gari nyingine yoyote. Mwenye nayo, awe Mbale, Soroti, Arua au ng'ambo ya mpaka, hata kama gari yenyewe ilishakwisha imebaki pua tu, anitafute, nauli ya kuja kuichukua ninayo.