Pipa langu la moshi na nyama iliyochelewa 30 Juni

Niliwaambia watu waje saa kumi alasiri. Nyama ilitoka motoni saa moja na nusu usiku, na hapo hapo nikawaomba wavumilie saa nzima tena kabla ya kuikata. Shemeji yangu, ambaye alikuwa ameshamtuma mtoto kununua michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwenye kona, aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mlevi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru, baridi ya Juni imeshashuka juu ya Lubumbashi, na mimi nimesimama katikati ya lupango, ua wa nyumba yetu, na taa ya simu mkononi, nikilinda pipa.

Wazo nililipata kwenye video za Marekani. Kule Texas wana desturi ya kupika pande kubwa la nyama siku nzima kwa moto mdogo na moshi, mpaka mfupa unatoka wenyewe ukiuvuta. Kwetu moshi si mgeni. Samaki wa Kasenga, kule kwenye mto Luapula, wanatufikia sokoni wamekaushwa kwa moshi mpaka wanagongana kama kuni. Na kuchoma tunakujua: mbuzi anakatwa vipande vidogo, makala (makaa) yanapepewa, chumvi, pilipili, kitunguu, watu wanakula wamesimama. Lakini nyama iliyokaa kwenye moshi ikatoka laini, hiyo hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuiona. Nilitaka kuiona.

Nikaanza na pipa. Mapipa ya lita 200 yamejaa mjini, na hapo ndipo panahitaji akili, kwa sababu migodi inanunua kemikali za kila aina na mapipa yake matupu yanaishia kwa wauzaji. Pipa lililobeba dawa halisafishwi kwa sabuni. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba lake lilikuwa la mafuta tu. Nikainamisha kichwa ndani, pua ikawaka, nikamshukuru nikaenda zangu. La pili lilikuwa na maandishi ya mafuta ya kupikia ubavuni, na chini yake bado kulikuwa na utelezi wa manjano. Hilo nikalipakia kwenye pusi-pusi, mkokoteni wa kusukuma.

Fundi wa kuchomelea vyuma alitoboa matundu matatu chini, kila moja karibu sentimita mbili na nusu, akayawekea vifuniko vya kusogeza. Juu, kwenye mfuniko, akaweka bomba fupi la kutolea moshi. Ndani akanitengenezea kikapu cha chuma cha kukalisha makala, chenye miguu ili majivu yaanguke chini, na sentimita sitini juu yake wavu wa kulaza nyama. Tulibishana juu ya wavu tu. Yeye alikuwa na wavu mzuri unaong'aa, uliopakwa zinki, tayari kukatwa. Nilikataa. Zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu, na mimi sikutaka kuwalisha watu hiyo. Akanung'unika, kisha akaunga nondo za milimita nane, moja moja. Ni mzito kama mlango wa gereza, lakini ni chuma kitupu.

Jumamosi moja nikaliwashia moto mkubwa wa kuni pipa likiwa tupu, saa tatu nzima, mpaka rangi ya ndani ikabanduka kama ngozi ya nyoka. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha, nikapaka mafuta ya kupikia ndani kote, nikawasha tena moto mdogo mpaka ukuta ukawa mweusi wa kung'aa. Mke wangu alisema sasa linafanana na sufuria ya shangazi yake, na kwa familia yao hiyo ni sifa.

Kipimajoto kiliniletea mashaka ya bure. Kabla ya kukifunga kwenye pipa nilikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, kikasimama kwenye nyuzi 96. Nikakitikisa, nikarudia: 96. Nilikuwa tayari nimekirudisha kwenye boksi ili nikagombane na muuza duka, ndipo nikakumbuka kwamba tunakaa mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, na maji ya huku hayasubiri kufika 100. Kifaa kilikuwa kizima. Mwalimu wangu wa fizikia angecheka.

Nyama ilikuwa bega la nguruwe, kilo nne na kidogo, na mfupa wake. Usiku wa tarehe 29 nililipaka chumvi, vijiko vinne vya chakula, vya usawa, visivyo na mlima, halafu pilipili manga, pilipili kavu ya kusaga, kitunguu saumu na sukari kidogo. Likalala kwenye friji. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule, lakini mwezi wa sita huku jikoni kwenyewe ni friji.

Saa moja asubuhi nikajaza kikapu. Makala yetu ni ya miti ya miombo, mazito, yenye moto mkali, na kila mfuko unaoshushwa kwenye baiskeli kutoka njia ya Kipushi au ya Kasumbalesa ni msitu uliosogea mbali kidogo na mji, kwa hiyo sipendi kuyachezea. Nilichagua kwa mkono. Unga wa chini ya mfuko nikauweka pembeni, maana unaziba njia ya hewa. Vipande vya kahawia, vile ambavyo mchoma makala hakuvivisha mpaka ndani, navyo nikavitupa: hivyo bado ni kuni, vitatoa moshi mchungu. Makala yasiyowashwa yakajaa kikapu, na juu yake nikaweka vipande kama kumi na viwili vyekundu kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makala. Moto unashuka wenyewe polepole, unakula cha jirani. Juu yake magogo mawili ya muembe, ukubwa wa ngumi.

Na hapo nikakosea mara ya kwanza. Yale magogo hayakuwa makavu. Ndani ya dakika kumi pipa lilikuwa linatema moshi mweupe, mzito kama pamba, unaelekea moja kwa moja kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Mke wangu akatoka, akaangalia nguo, akaniangalia mimi, akarudi ndani.

Aliyeniokoa ni baba mkubwa. Amefanya kazi miaka mingi kwenye matanuri ya shaba ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, chini ya lile bomba refu linaloonekana kutoka kila upande wa mji, pembeni ya mlima wa mabaki meusi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, hajasema kitu tangu afike.

"Huo moshi unalia," akasema. "Moto wako hauna hewa ya kutosha, na hizo kuni ni mbichi. Toa kuni. Fungua chini. Usiweke nyama mpaka usiuone moshi."

"Nisiuone kabisa, Papa?"

"Uuone kama umekaza macho."

Nikatoa magogo kwa koleo, nikaweka tawi la mpera lililokaa kwenye dari mwaka mzima, nikafungua matundu yote. Baada ya nusu saa bomba lilikuwa linatoa kitu chembamba, cha kibuluu, kinachotikisika kama joto juu ya lami. Hiyo ndiyo rangi. Moshi mweupe unapaka nyama uchungu wa masizi. Huu mwembamba ndio wenye harufu tamu. Saa mbili na dakika ishirini, kipimajoto kikiwa kwenye 120, nikalaza bega kwenye wavu.

Mtu aliyezoea michopo ana mikono isiyotulia. Kwetu anayechoma anageuza, anapepea, anabonyeza, anaonja. Basi nikafungua mfuniko baada ya dakika ishirini kuangalia. Nikafungua tena kumwonyesha mtoto. Nikafungua tena kwa sababu niliona joto limeshuka, nikadhani moto unakufa. Kila nilipofungua, hewa iliingia kwa wingi na makala yakapata nguvu mpya. Saa tatu na dakika kumi mshale ulikuwa kwenye 175. Nikafunga matundu mawili kati ya matatu kwa haraka, nikasubiri, mshale hausogei. Pipa ni kama lori la shaba kwenye mteremko: ukikanyaga breki leo, linasimama kesho. Ilichukua karibu dakika arobaini kurudi kwenye 125.

Baba mkubwa aliagiza kiti kingine kiletwe, akanikalisha mbali na pipa. Kuanzia hapo niligusa vifuniko vya chini tu, kidogo kidogo, upana wa kucha, kisha robo saa ya kusubiri. Upepo wa kiangazi ulipoanza kuvuma kutoka kusini-mashariki, ukawa unaingia wenyewe kwenye tundu na kupandisha joto. Nikasimamisha bati kuukinga. Kuanzia saa nne na nusu mshale ulikaa kati ya 115 na 125 kama umepigwa msumari.

Saa sita na nusu mchana nikachoma sindano ya kipimajoto cha pili ndani ya nyama: 68. Nikahesabu vidoleni, nikaona saa kumi tutakuwa tunakula. Saa saba: 68. Saa saba na nusu: 69. Saa nane ilirudi 68. Nikaamini moto umenisaliti, nikamwaga makala mengine, na joto la pipa likaruka tena hadi 150 huku nyama ikibaki pale pale. Hilo ndilo kosa ninalolijutia, kwa sababu moto haukuwa na shida yoyote. Nyama ilikuwa inatoka jasho. Maji yanapanda juu ya pande lile, yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto, sawasawa na shati lililolowa kwenye upepo. Mpaka uso ukauke, au uufunike, nyama haipandi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo. Lakini kulisoma na kuliona wageni wakiwa wanapiga hodi ni vitu viwili.

Kufunika basi. Karatasi ya alumini iliyobaki ilitosha kufunika yai, na maduka ya mtaa yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu. Nikakata majani mawili ya mgomba nyuma ya choo, nikayapitisha juu ya mbabula mpaka yakalegea na kugeuka kijani cha giza, nikalifunga bega mara mbili kama tunavyofunga samaki wa liboke, na kamba za ganda la mgomba. Hiyo ilikuwa saa kumi kasoro robo. Nyama ikaanza kupanda: 72, 75, 79.

Wageni nao walishakaa. Kwa bahati nilikuwa nimeweka kuku wawili tangu saa nane, na walikuwa tayari, nyuzi 78 kwenye paja. Nikakata wa kwanza. Nyama ya karibu na ngozi ilikuwa ya waridi.

"Shemeji," akasema mdogo wa mke wangu, akisogeza sahani kwa kidole kimoja, "hii nyama haiyaiva."

Nikamweleza kwamba moto wa makala na kuni unatoa hewa inayoshika rangi nyekundu ya nyama na kuizuia isififie, na kwamba damu haina uhusiano wowote na jambo hilo. Nikamchomea sindano mbele ya macho yake. Akasoma namba, akatikisa kichwa kwa heshima, akamtuma mtoto kwenye michopo. Ngozi nayo, lazima niseme ukweli, ilikuwa kama mpira wa baiskeli, maana moto mdogo hauwezi kuikausha. Yule kuku wa pili nilimmalizia kwenye mbabula yenye makala makali, dakika tano, ngozi chini. Huyo aliliwa mpaka mifupa, na bukari (ugali) na lengalenga (mchicha), na hakuna aliyeuliza rangi.

Bega lilifika 94 saa moja na nusu usiku. Sindano iliingia kama kwenye parachichi. Nikalifunga kwa taulo kuukuu ndani ya beseni lenye mfuniko, ndiyo ile saa moja ya kusubiri iliyoniharibia jina. Tulipofungua majani, watu wote waliinuka. Ganda la nje lilikuwa jeusi, kavu, linalonata kidogo, na harufu ya mpera imechanganyika na ya jani la mgomba. Nikashika mfupa wa bega kwa vidole viwili, nikavuta. Ukatoka mtupu, mweupe, bila uzi wa nyama.

Shemeji alikuwa ameshiba. Alichukua kipande "cha kuonja tu", akachovya kwenye pilipili, akanyamaza, kisha akasogeza kiti karibu na meza. Baba mkubwa alikula taratibu, akasema chumvi imepungua ndani, na ni kweli: ilikaa kwenye ganda na sentimita chache tu, katikati hapakufika kitu. Safari ijayo nitaitia chumvi siku moja kabla zaidi.

Kabla ya kulala nilifunga matundu yote ya chini na bomba la juu, na pipa likabaki pale pale nje. Pipa la makala haliingizwi kwenye baraza hata kama unadhani limezimika. Gesi yake haina harufu na inaua watu waliolala.

Asubuhi ya tarehe 1 nilifungua mfuniko. Moto ulikuwa umekosa hewa ukafa, na chini ya majivu kulikuwa na karibu nusu kikapu cha makala, meusi, mazima, yale niliyoyamwaga saa nane kwa hofu. Nikayachota kwenye ndoo, nikayapeleka kwa mke wangu jikoni. Akayawasha kwenye mbabula, akachemsha chai, akapasha ile nyama iliyobaki.