Nilivyoipata plaiwudi ya mataruma ya kayaki yangu hapa Dar

Watu wakiiona kayaki yangu, kiboti chembamba cha kupiga kafi, wanauliza turubai nimelitoa wapi, lakini mi kilichonitesa zaidi ya mwezi mzima ni plaiwudi ya kukatia mataruma, zile mbavu za ndani, na ni bodi moja tu nililokuwa nalihitaji.

Kayaki ya aina hii ni mifupa na ngozi. Wenyewe wa Greenland na Alaska walitumia mbao zilizoletwa na maji ufukweni wakavalisha ngozi ya sili, mnyama wa baharini, siku hizi wengi tunakata mataruma kwa plaiwudi, tunapitisha fito ndefu kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), tunazifunga kwa uzi wa nailoni, mwisho ndo tunavalisha kitambaa au turubai la PVC. Yangu ina futi 16, upana kama sentimita 60, mataruma saba. Kila taruma ni kama pete, unatoboa katikati miguu ipite na uzito upungue, kwahiyo mbao inayobaki ni sentimita 4 au 5 tu. Hapo pembamba ndo pana kazi yote.

Sa mi kwa kutojua nikaenda Kariakoo nikasema nataka marini, yaani plaiwudi ya boti, kwa sababu kila mtu aliniambia boti ni marini. Nikapewa lile jeusi linalong'aa, milimita 18, nikalipakia kwenye guta mpaka Keko kwa fundi seremala ninayemwamini. Bodi zima la unene huo linafika kilo 35 hivi, lile guta lilikuwa linalia. Fundi akakata taruma la kwanza vizuri kabisa kwa jigso, akalishika huku na huku akalibinya kidogo, likakatika mkononi. Tukaangalia pale lilipokatika, ndani kuna uwazi unaingia kidole, yaani leya ya kati (plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogundishwa leya juu ya leya) ilikuwa imekatwa vipande vipande na havijakutana. Fundi akaniambia, "Kaka, hili ni la zege." Na kweli, ukisema marini kwenye maduka yetu mengi unapewa bodi la kumwagia zege, lile jeusi juu ni la kuzuia zege lisishikane na bodi. Kwa zege uwazi huo hauna neno maana chini kuna mirunda imeshikilia, kwa pete ya sentimita 4 ndo mwisho wa safari. Nilirudi dukani, hawakunirudishia hela, iliniuma sana.

Plaiwudi ya boti yenyewe ina viwango vyake, kwa mfano BS 1088 ya Uingereza, gundi yake lazima ivumilie kuchemshwa na mianya ndani inabanwa sana. Nimeuona muhuri huo kwenye bodi mojawapo lakini muhuri ni wino, yeyote anaweza kugonga, kwahiyo nikaacha kusoma maandishi nikaanza kusoma ubavu wa bodi. Ukienda dukani usiangalie uso, uso unapambwa. Omba wakuvutie bodi nje kwenye mwanga, pita pembeni kote, pande zote nne, uhesabu leya. Milimita 12 yenye leya tano nene na milimita 12 yenye leya tisa nyembamba ni vitu viwili tofauti kabisa, maana nyuzi za leya zinapishana, na kwenye taruma la mviringo kuna sehemu nyuzi zinakuwa fupi zimekatwa, leya zikiwa nyingi kuna nyingine zinashikilia upande huo. Halafu ugonge na kiungo cha kidole uso mzima, penye uwazi sauti inabadilika.

Gundi nayo. Mstari mweusi au kahawia iliyoiva kati ya leya mara nyingi ni ile gundi ya kuvumilia maji, mweupe mara nyingi ni ya fanicha za ndani, lakini rangi peke yake haitoshi, kuna gundi nzuri isiyo na rangi. Mi niliomba vipande vya mabaki kwenye maduka manne, Kariakoo na Buguruni, nikaviandika namba kwa penseli nikavitia kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, masaa matatu, nikaanika juani, nikachemsha tena. Namba 2 kilifunguka kama kitabu kabla saa moja haijaisha. Namba 4 hakikuachia mpaka mwisho, nikajaribu kukitenganisha kwa patasi, mbao ikachanika lakini gundi ikabaki. Nikarudi duka hilohilo nikanunua bodi kutoka rundo lilelile, milimita 12, leya tisa. Bei ilikuwa chini ya lile la zege!

Na hapa wengi wanajichosha, kwa kayaki hii plaiwudi haikai ndani ya maji masaa yote kama ubao wa mtumbwi, ukitoka unaikausha. Mi ningeanza na kutokuwa na uwazi ndani, halafu gundi, jina liwe la mwisho.

Kukata ilikuwa siku moja. Katikati ya fito na fito tulilichimba taruma kuingia ndani, ili turubai liguse fito tu, likigusa ubavu wa plaiwudi linasagika mpaka linatoboka. Kona zote tukazizungusha kwa msasa, kingo nikazipaka epoksi nyepesi, gundi ya kuzuia maji, mara tatu maana maji yanaingilia pale zilipokatwa nyuzi.

Kabla ya kuvalisha turubai niliibeba mifupa mitupu kwa kirikuu mpaka Kunduchi, kuna mzee anatengeneza ngalawa nilitaka aione. Nikamwamkia, akazunguka kimya, akakalia taruma la kati kwa uzito wake wote. Akasema, "Mwanangu, membamba, lakini hayalii." Nilifurahi mno.

Sasa ina miezi minane majini, kila Jumapili alfajiri kabla upepo haujaamka nakwenda upande wa kisiwa cha Mbudya narudi. Juzi nimefungua kuangalia kingo, taruma la tatu tu ndo epoksi imebanduka kidogo pale kisigino kinaposugua, nimepiga msasa nikapaka upya.