Goti la Simsim na uzi wa nailoni

Kwa miezi miwili nilimtazama mbwa wangu Simsim, chotara wa Maltese mwenye uzito wa kilo 6, akitembea huku ameukunja mguu wa nyuma wa kulia, nami nikaendelea kushika nilichoambiwa katika kliniki ya kwanza hapa Jinja: kwamba mbwa mdogo hapasuliwi goti, hupumzishwa tu na kupewa dawa za maumivu. Ushauri huo una msingi, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba wengi wa mbwa wasiofikia kilo 15 waliokatika kano ya goti walipata nafuu bila kupasuliwa. Simsim hakupata.

Tulipompeleka Kampala, daktari alilishika fupa la paja kwa mkono mmoja na la muundi kwa mkono wa pili, akausukuma muundi taratibu, nao ukateleza mbele. Kazi ya kano ya msalaba ya mbele ni kuuzuia muundi usiteleze hivyo. Kwa mchezaji wa mpira kano hiyo hukatika ghafla uwanjani, lakini kwa mbwa walio wengi huchakaa nyuzi moja moja kwa muda mrefu, hata siku inapokatika mwenye mbwa hudhani ni kule kuruka kutoka kwenye kiti. Picha ya eksirei haiionyeshi kano yenyewe. Huonyesha maji yaliyojaa gotini, mifupa iliyoanza kuota vinundu, na mwinamo wa sehemu ya juu ya muundi.

Mwinamo huo ndio uliotuchukulia muda mwingi. Upasuaji aliouasisi daktari wa mifugo Slocum wa Marekani, alioueleza kwa maandishi mwaka 1993, hukata muundi, huuzungusha na kuufunga kwa bamba la chuma ili uso wa mfupa usiwe mteremko, na mbwa wadogo wengine, hasa jamii ya teria, wana mteremko mkali kiasi cha kuuhitaji. Simsim hakuwa hivyo. Tulichagua njia ya zamani zaidi, ambapo uzi mnene wa nailoni hupitishwa nje ya kiungo, kutoka nyuma ya fupa la paja hadi kwenye tundu lililotobolewa kwenye muundi. Uzi huo hautarajiwi kudumu maisha yote. Baada ya muda hulegea au hukatika, lakini kufikia hapo mwili unakuwa umejenga kovu gumu kuzunguka kiungo, na kovu hilo ndilo linaloshika goti. Kwa mbwa wa kilo 6 naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na sikuuchukua kwa sababu ya bei peke yake.

Daktari alihakikisha pia kwamba pia ya goti haichomoki kuelekea ndani, tatizo la kawaida kwa mbwa wadogo, ambalo lingepaswa kurekebishwa katika upasuaji uleule. Kisha, kabla ya kufunga uzi, alifungua kiungo na kukuta gegedu la upande wa ndani, ule mto ulio kati ya fupa la paja na muundi, limechanika ukingo wa nyuma, akaondoa kipande kilichochanika. Gegedu hilo husagwa kila muundi unapoteleza. Ile miezi miwili ya kungoja inaniuma mpaka leo.

Wiki 8 zilizofuata Simsim alikaa ndani ya kitanda cha zamani cha mtoto chenye kuta za mbao, akitoka kwa kamba dakika chache tu kwenda haja, bila ngazi wala kuruka. Alilia sana wiki ya kwanza, na mama yangu alilala sebuleni karibu naye. Kufikia wiki ya 10 alikanyaga kwa miguu yote minne.

Mbwa wengi waliokatika kano ya goti moja hukatika na ya pili baadaye, kwa hiyo tumempunguzia chakula, naye sasa ana kilo 5.2. Kila Jumapili nampima mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari. La kulia bado ni jembamba kidogo, na la kushoto halijapungua.