Namba 1004

Katika duka moja la jumla karibu na soko la Kibuye, Kisumu, karani mpya alikuta anaweza kufungua mahesabu ya mishahara, hata kuyafuta. Mama mwenye duka akanipigia: "Kijana wangu, nani amempa ruhusa?" Hakuna aliyempa.

Seva yao, kompyuta inayohifadhi faili za wote, ilikuwa ya Ubuntu, aina moja ya mfumo wa Linux. Nilipoandika ls -ln, amri ya kuorodhesha faili, kwenye folda ya mahesabu, safu ya mmiliki ilionyesha 1004 kuanzia juu hadi chini. Linux haiandiki jina la mwenye faili, huandika namba. Jina tunaloliona hutolewa /etc/passwd, faili yenye orodha ya watumiaji na namba zao. Karani wa zamani alipoacha kazi, akaunti yake ilifutwa kwa userdel, faili zikabaki na namba yake. Ilikuwa ndiyo namba ya juu kabisa, na useradd, amri ya kufungua akaunti, huchukua ya juu iliyopo ikaongeza moja. Aliyefuata akapata 1004 na vyote vilivyoachwa.

Kubadilisha umiliki ni amri moja, chown. Shida ilikuwa kutenganisha, maana karani mpya alishafanya kazi asubuhi nzima kwa namba hiyohiyo, na chown -R, inayopitia folda nzima, ingezoa zote. Kwanza nilihifadhi orodha ya wamiliki na ruhusa kwa getfacl -R, ili mambo yakiharibika root (msimamizi mkuu wa seva) ayarudishe kwa setfacl --restore. Kisha nikasoma /var/log/auth.log, kumbukumbu za seva, kujua akaunti mpya ilifunguliwa saa ngapi, nikaiagiza find, amri ya kutafuta faili, ilete faili za -uid 1004 ambazo hazijabadilishwa tangu saa hiyo (! -newermt). Hizo nikamwandikisha mhasibu kwa chown -h, ili kiungo (njia ya mkato kwenda faili nyingine) kikibadilishwa, faili kinayoielekeza isiguswe. Tarehe ya kuamini hapo ni mtime, ya mara ya mwisho yaliyomo kubadilishwa. Ctime, ya mabadiliko ya taarifa za faili kama umiliki, hubadilika kila chown ikipita.

Folda yenyewe ikaponyoka. Faili mpya ikiingia ndani, mtime ya folda husogea, kwa hiyo find iliiruka. Na hapo ndipo penye hatari: mwenye folda aweza kufuta kilichomo hata kama faili si yake. Niliibadilisha kwa mkono. Faili ambazo karani mpya alikuwa amezihariri tulizipitia na mhasibu moja baada ya nyingine.

Mhasibu aliuliza kwa nini aliyeondoka hakumwachia faili mwenyewe. Linux inamruhusu root tu kugawa umiliki, na ni sawa kabisa: vinginevyo mtu angejaza diski kwa jina la mwenzake.

Siku hizi pale akaunti ya anayeondoka haifutwi, inafungwa kwa usermod -L -e 1, ambapo -e 1 huifanya akaunti ihesabiwe imekwisha muda. Ile -L peke yake hufunga nywila tu. Mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia seva kutoka mbali, bado angeingia.