Nilivyopima boti la faiba kabla Prado haijalivuta mpaka Matema

Watu wa Dar bwana. Ukisema unataka kuvuta boti toka Kunduchi mpaka Matema, kule Ziwa Nyasa, hakuna anayeuliza lina kilo ngapi. Utasikia tu "mzee Prado hiyo, inavuta hata nyumba". Mwingine ana shemeji yake alivuta la kwake kwa Noah. Hongera zake. Mimi kuvuta hakujawahi kunitisha, kinachonitisha ni kusimama.

Boti nimelinunua used, faiba futi 19, mashine Yamaha ya farasi 85 na trela lake. Dalali ananiapia "kilo mia sita tu hilo boss wangu", na karatasi ya kiwandani anayo kabisa, imeandikwa 600. Sasa hiyo 600 ni bodi tupu, jipya, kavu. Mashine haimo, betri haimo, nanga na minyororo haimo, trela ndo kabisaa. Mashine peke yake inapita kilo mia, trela la chuma weka mia tatu na ushee, petroli lita 100 ni kama kilo 74 hivi. Nikajumlisha kwenye simu, ikaja karibu tani moja na mia mbili.

Nikaenda kuhakikisha kwenye yadi ya vyuma chakavu, wana mizani ya malori. Kijana wa pale kadhani nauza, kaanza kunitajia bei ya kilo, mara ooh mashine tutaongea pembeni! Nikamtoa elfu kumi akatulia. Unalisimamisha trela juu ya mizani, unalichomoa kwenye gari, gari unaitoa, basi. Ikasoma 1,560. Na tenki la petroli halina kitu.

Nikampigia dalali, anasema mizani mbovu. Sawa. Nikalirudisha nyumbani taratibu, nikainua pua la trela na jeki, nikachomoa nguruzi, kile kizibo cha chini, yakaanza kumwagika maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, meusi yananuka samaki wa mwaka juzi, yakatona mpaka asubuhi. Fundi akasema limeisha, mimi moyo haujatulia, nikachukua nyundo nikawa nagonga sakafu kuanzia mbele, ko ko ko, nikifika karibu na mashine mlio unabadilika, dup dup, umekufa. Nikakata tundu la ukubwa wa sahani. Chini ndo kuna lile povu gumu la njano la kufanya boti lielee, na ndoo ya lita 20 ya povu hilo likiwa kavu haifiki hata kilo moja. Nikajaza ndoo, nikaazima mizani ya muuza samaki, mshale ukaenda kwenye 14! Nikaminya kipande kimoja, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikampigia tena dalali nikamwambia kaka, umeniuzia bahari. Laki tatu alirudisha, kwa shingo upande.

Povu lote tukang'oa, bodi ikakaa juani hadi ikakauka, fundi wa faiba akamwaga jingine akafunika sakafu, laki sita au saba ukiweka na rezini. Kuna mjuaji alinishauri niache wazi boti liwe jepesi. Siku likijaa maji ziwani nitaelea na nini, ushauri wake? Kwenye mizani safari hii likaja chini ya 1,200.

Upande wa gari sasa. Kitabu cha Prado 120 za dizeli za Ulaya kinataja kilo 2,800 kwa trela lenye breki, na 750 tu kwa lisilo na breki. Hiyo 750 wa "inavuta hata nyumba" hawaijui. Yangu ni petroli 2.7 ya Japani, nikajiwekea tani na nusu mwisho. Na breki za trela, zile zinazojibana zenyewe trela likikusukuma, chumvi ilikuwa imezimaliza, hivyo hata 1,200 ilikuwa nyingi mno mpaka zilipofufuliwa. Uzito wa pua, yaani ule trela linaoukandamizia ndoano ya gari, nao nilipimia mizani ya bafuni, nikaweka gogo katikati, ikasoma 50 na kitu. Ndogo hiyo, trela litacheza mkia barabarani. Nikasogeza nanga na madumu mbele mpaka ikasoma kama 90.

Kila mtu alinitisha na Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa. Kitonga ukitoka Dar unapanda, unajikokota nyuma ya malori tu. Shughuli iko kushuka toka Tukuyu kwenda Kyela, unatoka milima ya Rungwe kwenye baridi unaenda ziwani kwenye mita kama 475, mteremko hauishi. Nilikaa gia ya pili, nasimama kila baada ya muda kugusa magurudumu ya trela, ya moto lakini hayanuki.

Petroli ilikunywa karibu mara mbili ya kawaida, hilo sikatai. Na wakati wa kurudi trela tupu likawa linaruka kwenye matuta kama limechanganyikiwa, mpaka nilipolipunguza upepo pale Makambako.