Jinsi nilivyouondolea unyoya wa mbao sura ya kitana

Kwa miezi kadhaa kila unyoya niliochonga ulitoka kama kitana. Mbao ya jakaranda ni laini kwa kisu na umbo lilikuwa zuri, lakini nikishachora vinyuzi vya unyoya kwa kalamu ya umeme ya kuchomea mbao, uhai wote unapotea.

Dawa niliipata siku nilipookota unyoya wa bawa la kanga na kuushika dirishani, mwanga ukipita nyuma yake. Makosa yangu nikayaona kwa mpigo. Vinyuzi havitoki kwenye uti, ule mhimili wa katikati, kwa mstari mnyoofu: vinaondoka vikiinamia ncha, kisha vinapinda taratibu mpaka ukingoni. Upande mmoja wa uti ni mwembamba kuliko mwenzake. Na uti wenyewe umepinda kidogo, nao unapungua unene kuelekea nchani. Mimi nilikuwa nauchonga kama msumari!

Sasa nachora mkondo wa vinyuzi kwa penseli kwanza. Kisha nachoma: naanzia kwenye uti, naburuta kalamu ya umeme kwa mkono mwepesi, na kuiinua kabla haijasimama, maana ikisimama inaacha doa jeusi. Hapa na pale nakata mpasuko mdogo ukingoni, kama vinyuzi vilivyoachana. Mpasuko huo ndio unaomfanya mtu auguse kuhakikisha.

Tatizo jingine lilikuwa kingo kuvunjika, nalo lilitokana na kukata mbao kinyume na nyuzi zake. Siku hizi nyuzi za mbao zinafuata urefu wa uti, na kingo nazinywesha supa gluu kabla ya msasa namba 400.